Sanduku la Majani ya Chai

Sanduku nililooneshwa Jang'ombe lilikuwa limepinduliwa kifudifudi uani, juu yake pametuliwa beseni la nguo. Mwenyewe aliliondoa beseni, akapangusa vumbi kwa kiganja, akalisogeza kivulini. Plaiwudi nyembamba, pembe zimekazwa kwa bati, misumari midogo imeshika kutu. Ubavuni palikuwa na herufi za wino mweusi zilizokwisha fifia. Neno moja tu ndilo lililosomeka, nalo lilikuwa jina la bandari: Colombo.

Katikati ya kitako pana tundu, na ndani ya tundu unapita uzi mnene wa nailoni, ule wa kuvulia samaki wakubwa, umepigwa fundo kwa ndani. Ncha ya pili imefungwa kwenye kichwa cha fimbo. Mpigaji hulikanyaga sanduku kwa mguu mmoja lisiyumbe, mkono wa kushoto ukashika fimbo, wa kulia ukapiga uzi. Fimbo ikivutwa uzi unakaza na sauti inapanda, ikilegezwa inateremka. Basi. Hakuna alama ya kukuonesha sauti iko wapi, sikio ndilo linalojua, na sikio likikosea harusi nzima itajua. Alipiga mara tatu, taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Maji ya kwenye beseni pale chini yakafanya viwimbi.

Nilikwenda kwake kuuliza habari za Kidumbak Kalcha. Nje ya Unguja jina hilo halijulikani ila kwa wachache wanaokusanya diski za muziki wa pwani. Unguja kwenyewe, vijana wengi wa leo watakwambia Kalcha ni ile ya taarab, ya Vuga. Hawakosei sana. Ndiyo hiyo hiyo, imevua koti tu.

Kidumbak kwanza ni kingoma, kisha likawa jina la muziki wake. Kingoma chenyewe ni cha udongo, kimewambwa ngozi upande mmoja, na jina lake linakumbusha dumbak la Waarabu, lililofanywa dogo kwa lugha na kwa umbo. Hupigwa viwili kwa pamoja, kimoja kikishika mwendo na cha pili kikijibu na kuchokoza. Kabla ya kuanza, mpigaji huvikurubisha motoni, karatasi au makuti yanatosha, mpaka ngozi ikaze na ilie anavyotaka. Mbele ya ngoma hizo inakaa fidla moja, na kwa kuwa peke yake ndiyo yenye wimbo, haina nafasi ya kustarehe: inakwenda mbio, inakwaruza, inamfuata mwimbaji na mara inamtangulia. Kando pana cherewa, vifuu vya nazi vilivyotiwa mbegu, na mkwasa, vijiti vifupi vinavyogonganishwa. Chini ya yote linanguruma sanduku. Watu watano, sita. Wanaingia daladala moja na vyombo vyao.

Zamani wapo walioita muziki huu kitaarab, na hiyo "ki" ya mbele ilitamkwa kwa pua. Taarab ya watoto, taarab ya wasio na uwezo. Ili uelewe dharau hiyo ilitoka wapi, lazima uvuke barabara.

Barabara yenyewe siku hizi inaitwa Benjamin Mkapa, ingawa wazee bado wanaiita Creek Road. Hapo palikuwa na hori, maji yakijaa na kupwa, yakiutenga Mji Mkongwe na vitongoji vya mashariki yake. Daraja lililovuka hori ndilo lililoacha jina la Darajani, ambapo leo watu wananunua samaki na simu za mitumba. Waliokaa mji wa mawe waliutazama upande wa pili wa maji wakauita Ng'ambo, na jina likabaki hata baada ya hori kufukiwa. Huko ndiko walikokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na watoto wao, na wageni kutoka bara na visiwani. UNESCO ilipouingiza Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, Ng'ambo ilibaki nje ya eneo hilo. Nalisema hili bila kinyongo, au kwa kinyongo kidogo.

Taarab ilishukia upande wa mawe. Masimulizi yanayopokelewa na wengi ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim Cairo akajifunze qanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Ikhwani Safaa. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu, wasikilizaji wamekaa vitini, na aliyeguswa alitikisa kichwa kwa adabu. Aliyeuvua muziki huo vazi la Kiarabu ni mwanamke wa Fumba, Siti binti Saad, ambaye kabla ya kuimba alikuwa akipeleka vyungu mjini kuuza. Alihamia Ng'ambo, akaimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri pamoja na wenzake. Habari za Siti zimeandikwa na wengi, tangu Shaaban Robert, nami sitazirudia. Ninachotaka ukumbuke ni vyungu. Udongo uliomlisha Siti na udongo unaofinyangwa kuwa kidumbak ni kazi ya mikono ya aina moja. Huenda ni sadfa tu, lakini ni sadfa ninayoipenda.

Sasa rudi kwenye koti. Mwaka 1958 kilianzishwa kikundi cha vijana kilichoitwa Shime Kuokoana. Baada ya Mapinduzi ya 1964 kikawekwa chini ya serikali na kupata jina la Culture Musical Club, ingawa wengi wanakiita Mila na Utamaduni, au Kalcha basi, kwa matamshi ya mtaani. Ukikaa kwenye mazoezi yao utaona safu ya fidla, udi, qanuni, nai, akodiani, selo, besi kubwa ya kusimama. Waimbaji wamekaa nyuma, wanasubiri zamu. Ni okestra kamili, na siku ya onyesho wamevaa sare.

Lakini mshahara wa sanaa unajulikana, na wengi wa wapigaji hao walitoka Ng'ambo na mashamba, mikono yao ikiwa imefundishwa na kidumbak kabla ya kushika besi ya Kizungu. Hawakuiacha. Usiku Vuga, mbele ya wageni rasmi. Alasiri Kikwajuni au Mwembetanga, chini ya turubai, mbele ya wanawake mia na sufuria za pilau. Upande mmoja mtu anapiga mapigo yaliyopangwa na kufanyiwa mazoezi wiki nzima, upande wa pili hajui wimbo unaofuata mpaka auone mdomo wa mwimbaji unafunguka. Miongoni mwao alikuwepo Makame Faki, mwimbaji na mpiga fidla wa Culture, aliyeliongoza kundi dogo lililojipa jina la Kidumbak Kalcha.

Lizingatie jina hilo. Neno la kiserikali, lililoandikwa kwa Kiingereza juu ya mlango wa klabu, limechukuliwa likaandikwa linavyotamkwa na mpita njia, kisha likafungwa kwenye kingoma cha udongo. Sijui kama walicheka walipolichagua, mimi ningecheka.

Nilipokuwa nikisoma juu ya makundi ya waimbaji wa Marekani wa miaka ya 1940 na 1950, wale wa muziki wanaouita doo-wop, nilijikuta nawaza Ng'ambo. Vijana weusi wa miji kama Baltimore, Philadelphia na New York hawakuwa na pesa ya piano wala saksafoni, basi walisimama kwenye pembe ya mtaa, au chini ya ngazi ambako ukuta unarudisha sauti, na kila mmoja akawa chombo. Mwenye sauti nyembamba akaongoza, watatu wakamzungushia maneno yasiyo na maana, na mwenye sauti nzito akanguruma chini yao akifanya kazi ya besi. Walijiita kwa majina ya ndege: Orioles, Ravens, Flamingos. Mengi ya makundi hayo yalitoa wimbo mmoja wenye jina kisha yakayeyuka. Wanamuziki wake wakarudi kwenye kazi za kiwandani.

Kwetu nako wanawake wa taarab walichagua majina ya kutisha kuliko ndege. Katikati ya karne iliyopita Unguja ilikuwa na makundi ya wanawake yaliyojiita Royal Air Force na Royal Navy, jeshi la anga na jeshi la majini la mfalme wa Uingereza, yakishindana kwa nyimbo na sare za khanga. Kando yao palikuwa na Nuru el-Uyun, nuru ya macho, na Sahib el-Ari. Sijawahi kusikia kikundi cha Marekani chenye ubavu wa kujiita hivyo.

Tofauti ni kwamba kijana wa Philadelphia alifanya besi kwa koo, wa Ng'ambo akaifanya kwa sanduku. Masanduku hayo ya chai yalizunguka dunia. Mzigo wa Ceylon na India ulioshuka bandarini Unguja ulishuka pia Liverpool, na huko katikati ya miaka ya 1950 vijana wasio na kitu walifunga uzi kwenye sanduku kama hilo hilo. Kikundi cha Quarrymen, ambamo John Lennon na Paul McCartney walikutana mwaka 1957, kilikuwa na mpiga sanduku. Waliopata pesa huko walinunua gitaa la besi, sanduku likaishia stoo. Ng'ambo halikuishia stoo.

Pana tofauti nyingine, kubwa zaidi, nami niliielewa siku nilipokaa vibaya. Nilialikwa kwenye harusi ya jamaa, mtaa wa ndani kidogo nyuma ya maghorofa ya Michenzani, nikajibanza ukutani karibu na wapigaji kama mwanamume pekee asiye na kazi. Nilidhani nimepata kiti cha mbele. Wapigaji wamekaa ubaoni, kipaza sauti kimoja cha kukodi, fidla imeegemezwa kifuani. Mwimbaji alianza kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mpiga fidla. Ubeti wa pili haujaisha, wanawake wakaitikia, na sauti ilikuja kutoka nyuma ya kichwa changu, kutoka kushoto, kutoka jikoni ambako bibi mmoja alikuwa akigeuza wali bila kuacha kuimba. Hapo ndipo nilipojua nimekaa upande usiofaa. Kundi la waimbaji lilikuwa uani. Wale sita waliokodiwa walikuwa wanawashikia mwendo.

Kidumbak hakisimami. Seti moja huchukua kama saa nzima, nyimbo zikishonwa moja kwa nyingine. Wimbo unapokaribia kwisha, vidumbak vinageuza mwendo na mwimbaji analazimika kuwa na wimbo wa pili mdomoni: wa unyago, wa bomu, wa ngoma ya shamba, au wa taarab maarufu uliokatwa mikia na kupigwa mbio. Mwimbaji mzuri anahifadhi mamia ya vipande, na anajua kipi kifuate kipi. Zaidi ya hapo anatunga papo hapo. Amemwona nani kaingia, nani kavaa nini, nani na nani hawasalimiani, na ndani ya beti mbili yamo yote bila jina la mtu. Taarab hulizungusha jambo kwa mafumbo, ua, lulu na jahazi. Kidumbak hulisema likiwa bado na magamba. Ndiyo maana wazee wa heshima walikuwa wakisema ni muziki wa watovu wa adabu, na ndiyo maana mabinti zao walikuwa hawakosi.

Nilimwona mama mmoja mtu mzima, mnene, aliyekuja na fimbo ya kutembelea. Kwa nusu saa alikaa akifuata mwendo kwa kidole gumba juu ya goti. Halafu sanduku likashuka sauti moja chini, kushuka kusikotarajiwa, na yeye akampa jirani fimbo yake amshikie. Alifunga khanga kiunoni, akainama akiwa ameshika magoti, kiuno kikaanza. Wapigaji hawakutabasamu. Mpiga sanduku alimkazia macho tu, akawa anamfuata, kila anapogeuka na uzi unageuka, mpaka ikawa vigumu kusema nani anampigia nani. Alipomaliza alitoa noti iliyokunjwa mara nne kutoka kwenye pindo, akaitua juu ya sanduku. Juu ya sanduku, wala si kwa mwimbaji. Nilikuwa sijawahi kuona mpiga besi akitunzwa.

Basi fikiria kazi ya kuuweka muziki wa namna hii kwenye diski. Mwaka 1997 kampuni ya Dizim ya Ujerumani, ambayo nyuma yake alikuwa mtafiti Werner Graebner, ilitoa albamu ya Kidumbak Kalcha iitwayo "Ng'ambo", na jina likaendelea kueleza kwamba huu ni upande wa pili wa Zanzibar. Kabla yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya GlobeStyle ya London ilikuwa imezunguka kisiwani ikirekodi mfululizo wa taarab, na muziki wa sherehe ulipata nafasi humo pia. Lakini diski ya 1997 ilikisimamisha kidumbak peke yake, kikiwa na jina lake na mtaa wake, mbele ya wasikilizaji wa Ulaya ambao mpaka hapo waliijua Zanzibar kwa okestra na karafuu.

Kwa haki, ni kazi nzuri, fidla inasikika mpaka nywele za uta. Kasoro yake ni moja na haina dawa: uani hapasikiki. Kila nikiisikiliza nagundua naitikia mwenyewe, sauti yangu mbovu, nikijaribu kuziba pengo la wanawake mia. Nadhani hii ndiyo sababu kundi halikupata jina kubwa nje. Mgeni ananunua diski ya muziki, anapewa nusu ya mazungumzo.

Urithi wao usiutafute kwenye diski. Katika miaka ya 1990, taarab ya kisasa ilipozuka na kuitwa rusha roho, waandishi wengi walihesabu vinanda vya umeme kuwa ndiyo mabadiliko. Mimi naona vinanda vilikuwa nguo tu. Kilichobadilika ni kwamba watu waliinuka vitini na kucheza, na maneno yakaacha kuzunguka; na hayo mawili kidumbak kilikuwa kikiyafanya siku zote. Khadija Kopa, aliyevuka kutoka Culture ya Unguja kwenda kundi la TOT la Dar es Salaam na kuwa malkia wa mipasho, alitoka kwenye klabu ambayo nusu ya wapigaji wake walijua nyumba zote mbili. Watu husema kidumbak kiliiga taarab. Kiliiga, ndiyo, mwanzoni. Kisha taarab ikaja kuazima, na mpaka leo haijarudisha.

Chuo cha muziki cha Nchi za Jahazi, DCMA, kilipofunguliwa mwaka 2002 katika jengo la Forodha Kongwe ufukweni, kidumbak kiliingia darasani pamoja na udi na qanuni. Upande wa mawe, fikiria. Tamasha la Sauti za Busara lilipoanza mwaka 2004, makundi ya kidumbak nayo yakapata jukwaa, likiwemo moja lenye jina tamu kuliko yote, Sina Chuki. Jina la namna hiyo kwa muziki uliojengwa juu ya kusemana ni kama mchinjaji kujiita Huruma.

Nilimuuliza mzee wa Jang'ombe kama wanafunzi wa siku hizi wanalijua sanduku.

"Wanalijua, mwanangu. Wengine wanapiga vizuri kuliko sisi. Wana subira ya kutafuta sauti." Akanyamaza kidogo. "Ila sanduku ndiyo hamna."

Sikumwelewa mara moja. Akanieleza kama anavyoelezwa mtoto: chai haisafirishwi tena kwa masanduku, inakuja kwenye mifuko ya karatasi. Fundi akiagizwa sanduku analiunda kwa plaiwudi ya dukani, nene, mpya, yenye gundi nyingi, na sauti yake ni ya kabati. La chai lilikuwa jembamba na limekauka kwa safari. Yeye analo hili moja, na lilipata kuazimwa likarudi na tundu la pili ambalo hakulitoboa yeye. Alinionesha. Limezibwa kwa kipande cha ndala.

"Mzee wangu, ungeliuza kwa bei gani?" nilisema, nusu mzaha.

Alilipindua tena kifudifudi na kulirudisha beseni juu yake.

"Haliuzwi. Kuazima utaazima. Lakini liwe hapa kabla ya Ijumaa, kuna harusi Kwa Haji Tumbo."